Philip Henry Gosse: Mtu Aliyeiingiza Bahari Sebuleni

Tangi la samaki si kitu kigeni kwetu. Utaliona katika hoteli za watalii, utaliona katika chumba cha kungojea cha daktari, na pengine utaliona hata sebuleni kwa jirani: kioo pande nne, mchanga chini, majani ya kijani yakiyumba, na samaki wa rangi rangi wakizunguka kutwa kucha. Watoto hubandika pua zao kwenye kioo, na wazee nao, ingawa hujifanya hawatazami, hutazama. Lakini ukiuliza ni nani aliyewafundisha watu kuiweka bahari ndani ya kioo isioze, wengi watakujibu kwamba hawajui.

Leo nataka kukusimulia maisha ya mtu huyo. Jina lake ni Philip Henry Gosse, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1810 na kufa mwaka wa 1888. Ufundi wake peke yake ungetosha kuwa sababu ya kumkumbuka. Mimi nimemchagua kwa sababu nyingine pia. Maisha yake yana jambo ambalo sisi watu wa pwani yatupasa kulijua: jinsi mtu alivyoipenda pwani kwa moyo wake wote, akawafundisha wenziwe kuipenda, na mapenzi hayo hayo yakaja kuiangamiza.

MTOTO NA SHANGAZIYE

Gosse alizaliwa tarehe 6 Aprili, 1810, katika mji wa Worcester, ulio mbali na bahari. Babake, Thomas Gosse, alikuwa mchoraji wa picha ndogo ndogo za sura za watu. Kazi hiyo ilimfanya atembee mji hadi mji akitafuta wateja, na nyumbani fedha hazikuonekana sana. Mtoto akiwa bado mdogo, jamaa hiyo ilihamia Poole, mji wa bandari ulioko kusini ya Uingereza, na hapo ndipo bahari ilipomshika mkono.

Aliyemwonyesha bahari hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa shangaziye, dada wa babake, aliyejulikana kwa jina la Bi Bell. Bibi huyo alipenda viumbe. Alimfundisha mtoto jinsi kiwavi anavyogeuka kipepeo, na akamwambia kwamba wale wanyama laini wanaoshikamana na miamba, waitwao anemoni, waweza kuishi nyumbani iwapo watawekwa katika chombo chenye maji safi ya bahari. Hata pwani yetu tunao wanyama hao. Ni wale wanaochanua mikono yao kama ua, na katikati ya mikono hiyo hujificha samaki wadogo wenye mistari. Ukimgusa mmoja hujikunja akawa kama kifundo cha nyama.

Mtoto alijaribu, akafaulu siku chache, kisha maji yakaharibika na wanyama wakafa. Basi lile swali likamkaa: mbona katika kidimbwi cha mwambani wanaishi, na katika chombo changu wanakufa? Ilimchukua zaidi ya miaka thelathini kulijibu.

MIAKA YA KUTANGATANGA

Alipokuwa na umri wa miaka 15 aliwekwa kazini, ukarani katika duka la wafanyabiashara wa Poole. Mwaka wa 1827, akiwa na miaka 17, alivuka bahari ya Atlantiki kwenda Carbonear, katika kisiwa cha Newfoundland, kuwa karani wa kampuni iliyofanya biashara ya samaki na ya ngozi za sili. Huko ni baridi kali, na hesabu za mapipa ya samaki si kazi ya kumfurahisha kila mtu. Lakini jioni na siku za mapumziko alikuwa akikusanya wadudu na kuwachora. Mwaka wa 1832 alinunua mnadani kitabu kikuukuu kilichohusu hadubini, na tangu siku hiyo alijiona kuwa ni mtaalamu wa viumbe, ingawa hapakuwa na chuo kilichompa cheti. Mwaka huo huo pia alishika dini yake ya Kikristo kwa nguvu, na hakuilegeza mpaka kufa.

Baada ya miaka minane alikwenda Kanada kulima. Shamba likamshinda. Mwaka wa 1838 akashuka hadi jimbo la Alabama, Marekani, akasomesha watoto wa wenye mashamba kwa miezi michache. Kule alichora wadudu kwa mkono wenye ufundi wa ajabu, kwani uchoraji aliurithi kwa babake. Lakini kule pia alikiona kiboko kikifanya kazi migongoni mwa watumwa, na moyo wake ukachafuka. Mwaka wa 1839 akarejea kwao mikono mitupu, akiwa na umri wa karibu miaka 30. Hakuwa na mali wala jina. Alichokuwa nacho ni madaftari.

Madaftari hayo ndiyo yaliyomwokoa. Aliyoyaandika kuhusu Kanada yalichapishwa mwaka wa 1840, na watu wakaanza kumsoma. Mwaka wa 1844 alisafiri tena, mara hii kwenda Jamaika kukusanya ndege, wadudu na konokono. Alikaa huko kama mwaka mmoja na nusu, na vitabu vyake juu ya kisiwa hicho vilimpa sifa kubwa. Napenda kutaja jambo moja hapa. Katika zama zile, msafiri wa Kizungu aghalabu alijitwalia sifa zote peke yake, hata kama njia alionyeshwa na mwenyeji. Gosse hakufanya hivyo. Jina la Richard Hill, hakimu Mjamaika mwenye asili ya Kiafrika, alilichapisha katika ukurasa wa kwanza wa kitabu chake, na msaidizi wake, kijana mweusi Samuel Campbell, alimtaja kwa jina na kumsifu.

Mwaka wa 1848 alimwoa Emily Bowes, mwanamke mwandishi aliyemzidi umri kwa miaka kadhaa. Mtoto wao wa pekee, Edmund, alizaliwa mwezi wa Septemba 1849. Katika kitabu chake cha kumbukumbu cha siku hiyo, Gosse aliandika kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kiume, na hapo hapo akaongeza kwamba amepokea ndege mmoja wa kijani, jamii ya mbayuwayu, kutoka Jamaika. Watu wamemcheka kwa hilo hadi leo. Mimi naona ni mtu aliyekuwa na furaha mbili kwa siku moja, akaziandika zote kama zilivyomjia.

SIRI YA JANI LA KIJANI

Sasa tufike kwenye tangi lenyewe. Yafaa tuseme haki: Gosse hakuwa wa kwanza kumweka mnyama wa bahari ndani ya kioo. Mnamo mwaka wa 1832, Jeanne Villepreux-Power, mwanamke Mfaransa aliyeishi Sicily, alitengeneza matangi ya kuwachunguzia wanyama wa jamii ya pweza. Huko London, Bi Anna Thynne aliweka matumbawe na mwani hai nyumbani kwake mnamo mwaka wa 1846. Naye Robert Warington, mtaalamu wa kemia, alitangaza mwaka wa 1850 kwamba ameweza kuwaweka samaki wa dhahabu pamoja na majani ya majini na konokono katika chombo kimoja, na maji yasiharibike.

Siri yao wote ilikuwa moja. Samaki akipumua majini huitumia hewa ya oksijeni na kutoa hewa nyingine. Mmea wa kijani ukipata mwanga huitumia hewa hiyo aliyoitoa mnyama, kisha huirudishia maji oksijeni. Mnyama peke yake katika chombo hufa kwa kukosa pumzi. Kumbe yule mtoto wa Poole aliweka anemoni na maji, akasahau jani.

Gosse alilitambua hilo kwa njia yake. Alipokuwa akichunguza wadudu wa majini wasioonekana kwa macho matupu, aliwafuga katika vyombo vya kioo vilivyokuwa na majani, na akaona kwamba maji hubaki safi muda mrefu. Mapema mwaka wa 1852 afya yake ilidhoofika kwa kazi nyingi, akahamia pwani ya Devon pamoja na mkewe na mtoto. Kila maji yalipokupwa alikuwa miambani, amevaa mabuti marefu, ana kapu na mitungi, nyundo na tindo. Yale aliyoyaona kwa Warington katika maji baridi aliyajaribu katika maji ya chumvi, tena mbali na maabara, chumbani mwake. Alipopata uhakika aliyaandika yote katika kitabu kuhusu pwani ya Devon, kilichotoka mwaka wa 1853.

Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, Jumuiya ya Wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki katika bustani yake ya Regent's Park. Hapo palikuwa ni mahali pa kwanza duniani ambapo watu wa kawaida waliweza kulipa kiingilio wakatazama samaki wakiishi nyuma ya kioo. Wengi wa viumbe wa bahari waliowekwa mle waliokotwa na Gosse mwenyewe na kupelekwa London kwa garimoshi. Mwaka wa 1854 akatoa kitabu chake kilichovuma kuliko vyote, chenye picha za rangi alizozichora kwa mkono wake, na jina alilokipa ni Akwariamu. Kabla ya hapo watu walikuwa wakitumia majina mengine marefu na mazito. Neno hilo fupi alilolichagua Gosse ndilo lililobaki, na leo linatumika duniani kote. Kitabu hicho kilimpatia faida ya zaidi ya pauni 900, fedha nyingi sana kwa wakati ule.

MAFUNZO YA GOSSE

Ningependa kuyaeleza mafunzo yake kidogo, kwani msomaji mwenye tangi nyumbani ataona kwamba mengi bado yanafaa.

Kwanza, alisema mmea utangulie. Weka maji na mwani, uache siku kadhaa, ndipo umwingize mnyama. Pili, si kila mwani unafaa. Ule mkubwa wa rangi ya udongo hutoa utelezi na kuyachafua maji. Bora ni ule mwembamba wa kijani, ulio kama jani la saladi, ambao hata miamba yetu ya Kanamai na Nyali inao. Tatu, mwani hauna mizizi kama mchicha. Hushikamana na jiwe, na ukiung'oa hufa. Kwa hiyo lazima uuchukue pamoja na kipande cha mwamba wake. Tafadhali likumbuke hili, maana tutalirejea.

Nne, mwanga uwe kwa kiasi. Ukipungua, mmea haufanyi kazi. Ukizidi, kioo huota utando wa kijani mpaka huoni kitu. Dawa ya utando huo, Gosse aliipata kwa konokono wadogo wa pwani. Aliwatazama kwa kioo cha kukuzia, akaona jinsi ulimi wao wenye meno madogo madogo unavyofyeka ule utando kama mtu anayefyeka majani kwa fyekeo, hatua kwa hatua, akiacha nyuma njia safi. Tano, mnyama akifa atolewe upesi, kwani mfu mmoja huwaua wenziwe wote. Sita, maji yatiwe hewa kwa kuyatikisa au kuyadondosha tone tone kutoka juu.

Na kwa wale walioishi mbali na bahari aliwatolea kanuni ya kujitengenezea maji ya bahari kwa kuchanganya chumvi za aina nne katika maji ya kawaida. Kwa hivyo mtu wa London, ambaye pengine hajapata kulowesha mguu baharini, aliweza kuwa na pwani yake mezani.

WATU WALIPOVAMIA UFUKWE

Jambo hili lilishika moto, tena haraka. Ushuru wa vioo ulikuwa umeondolewa Uingereza mwaka wa 1845, kwa hiyo kioo kilikuwa rahisi. Reli nazo zilikuwa zimefika miji ya pwani, na watu wa mijini waliweza kwenda baharini mwisho wa wiki. Kitabu kilikuwapo cha kuwaeleza la kufanya, na mwaka wa 1855 Gosse akatoa kingine kidogo cha bei nafuu. Mabibi na mabwana wakanunua nyundo na tindo, wakashuka ufukweni makundi kwa makundi.

Sisi tunajua mwamba wa bahari ulivyo. Maji yakipwa wakati wa bamvua, ukatembea hadi ukingo wa mwamba, utaona vidimbwi ambavyo kila kimoja ni mji mzima: kaa, konokono, kiti cha pweza, uduvi, mwani wa rangi tatu nne. Mji huo haukujengwa kwa siku moja. Mwani umeshika jiwe, konokono anaula mwani, kaa amejificha chini ya mwani, na samaki mdogo anamtegemea kaa. Basi fikiria mtu anakuja na tindo, anakata kile kipande cha jiwe chenye mwani mzuri kupita wote. Kisha kesho yake wanakuja mia, na kesho kutwa mia tena, kila mmoja akitafuta kizuri kilichobaki. Na wengi wao, kwa kuwa hawakuwa na subira ya Gosse, walisahau kuondoa wafu, tangi likanuka kwa wiki mbili, wakalimwaga, wakarudi ufukweni kuchukua wengine.

Katika muda wa miaka michache ile miamba ya Devon iliyokuwa kama bustani ilibaki mitupu. Wenye maduka London walituma watu wa kukusanya kwa wingi ili wauze. Mchezo wenyewe ulififia miaka ya 1860, watu wakakimbilia mambo mengine, lakini vidimbwi havikurudi kuwa vile vya mwanzo.

Edmund, yule mtoto aliyekuwa akifuatana na babake miambani, alikua akawa mwandishi mashuhuri. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1907 juu yake na babake, alieleza kwamba babake alikuja kuuona uharibifu huo, akajua kwamba vitabu vyake ndivyo vilivyouleta, na jambo hilo likamtia majonzi makubwa. Hakulikusudia. Alidhani kwamba atakayeona uzuri ataustahi. Nadhani hapo ndipo hesabu yake ilipokosea: alipima staha yake mwenyewe, akadhani kila mtu anayo kiasi hicho.

MSIBA NA KITABU KISICHONUNULIWA

Mwaka wa 1857 ulikuwa mwaka mzito kwake. Mkewe Emily alikuwa ameugua saratani ya matiti tangu mwaka uliotangulia, na matibabu aliyopewa yalimtesa sana. Akafariki mwezi wa Februari, akimwachia mumewe mtoto wa miaka saba.

Katika huzuni hiyo Gosse alimalizia kitabu ambacho alikitegemea kuliko vyote. Wakati ule wataalamu wa miamba walikuwa wakisema kwamba dunia ina umri mrefu kupita kiasi, na wanadini wengi wa kwao walikuwa wakihesabu miaka elfu chache tu. Gosse alitaka kuwapatanisha. Alianza na swali: Je, Nabii Adamu, ambaye hakuzaliwa na mama, alikuwa na kitovu? Akajibu kwamba alikuwa nacho, kwa sababu aliumbwa mtu mzima kamili, na mtu kamili ana kitovu. Vivyo hivyo mti wa kwanza uliumbwa ukiwa na duara za miaka ndani ya shina lake, na ardhi iliumbwa ikiwa na alama za umri ambao haikuupitia.

Alidhani pande zote mbili zitamshukuru. Hakuna uliomshukuru. Wataalamu walicheka, na wanadini walichukia zaidi, maana waliona kana kwamba anasema Muumba ameandika jambo lisilo la kweli katika mawe. Hata rafiki yake Charles Kingsley, kasisi aliyezipenda kazi zake za pwani, alimwandikia kumkatalia. Nakala nyingi zikauzwa kama karatasi za taka. Mimi si mtu wa kuamua baina ya wataalamu na wanadini wa zama zile. Ninalolitazama ni mtu aliyefiwa na mke na kudharauliwa kitabu katika mwaka mmoja, kisha nauliza alifanya nini.

Alirudi baharini. Alihamia St Marychurch, kijiji cha Devon, akanunua nyumba, akaweka matangi yake, na kila bamvua akashuka miambani na mwanawe. Kati ya mwaka wa 1858 na 1860 alitoa kitabu kikubwa juu ya anemoni wote wa Uingereza, wale wale alioonyeshwa na shangaziye. Kitabu hicho kiliheshimiwa na wataalamu kwa miaka mingi, na wala hakuna aliyekicheka. Mwaka wa 1860 alimwoa Eliza Brightwen, mwanamke mpole aliyependa kuchora, na nyumba ikapata utulivu.

Uzeeni alilima maua ya okidi, akarudia hadubini yake, na mwaka wa 1886, akiwa na miaka 76, alishirikiana na Charles Hudson kutoa kitabu juu ya wale wadudu wadogo wa majini aliowaanzia ujanani. Alikuwa pia na darubini ya kutazamia nyota, akasimama nje usiku wa baridi akitazama mbingu, na inasemekana ubaridi huo ndio uliomharakishia maradhi yake ya mwisho. Alifariki tarehe 23 Agosti, 1888.

YATUHUSU NINI?

Huenda msomaji akauliza: haya ya Waingereza wa zamani yanatuhusu nini? Nionavyo mimi, yanatuhusu kwa pande mbili: upande wa mwenye tangi na upande wa mwenye pwani.

Mwenye tangi wa leo hushauriwa aweke mmea, kama alivyoshauri Gosse. Mmoja unaopendwa sana ni ule wanaouita mpira wa kuvumwani, ingawa kwa hakika ni mwani: duara la kijani, laini kama mahameli, linalokaa chini ya maji baridi. Kulitunza si kazi ngumu. Halitaki jua kali, linataka maji ya ubaridi, kwa hiyo joto la Mombasa si rafiki yake. Lizungushwe mara kwa mara ili kila upande upate mwanga, na maji yabadilishwe. Likishika taka, likamuliwe taratibu ndani ya maji safi. Hukua polepole mno, kiasi cha milimita chache kwa mwaka, hivi kwamba duara la ukubwa wa chungwa laweza kuwa na umri kumpita mwenye nyumba.

Na duara hilo nalo lina hadithi ile ile. Katika ziwa Akan, kaskazini ya Japani, watu waliyapenda maduara hayo hata wakawa wanayachukua na kuyauza, mpaka yakakaribia kwisha. Serikali ikayapa hifadhi maalumu mwaka wa 1952, na tangu mwaka wa 1950 wenyeji hufanya sherehe kila mwaka ya kuyarudisha ziwani kwa heshima. Na mwaka wa 2021 huko Marekani, maduara yaliyotoka ng'ambo yaligunduliwa madukani yakiwa yamebeba kome wageni waharibifu, na watu wakaamriwa wayaangamize badala ya kuyatupa mitoni. Kwa hivyo anayenunua mmea wa tangi sharti aulize umetoka wapi, na ukimshinda asiumwage mferejini wala ziwani.

Upande wa pili ni wetu zaidi. Kenya ni miongoni mwa nchi ambazo samaki hai wa mapambo huvuliwa baharini wakasafirishwa kwa ndege hadi kwenye matangi ya Ulaya na Marekani. Ni kazi halali, na vijana kadhaa wa pwani hupata riziki kwayo. Isitoshe, tangu mwaka wa 1968 tunazo hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, ambamo ni marufuku kuvua samaki au kuchukua kombe na matumbawe. Utotoni mwetu tulikuwa tukiokota kauri na makombe makubwa kwa kuinama tu. Siku hizi mtoto wa leo hutembea mwamba mzima akarudi na makombe yaliyovunjika. Waliyoyachukua si Waingereza wa Gosse. Wengine walikuwa jamaa zetu, waliouza kwa watalii wakisema bahari haiishi.

Gosse naye alidhani bahari haiishi. Alikuwa mtu mwema, mchamungu kwa dini yake, mwenye macho makali na mkono wa ufundi, na alichukua alichokihitaji kwa adabu. Lakini alichokichukua yeye kwa tindo moja, maelfu walikichukua kwa tindo elfu. Pwani ni amana, na amana haiharibiwi na adui peke yake. Basi mwenye tangi na alitunze, alifurahie na wanawe, awaonyeshe konokono anavyofyeka kioo. Kisha siku ya bamvua awapeleke miambani waone asili yake, na warudi mikono mitupu.